Madamu Aliyepewa Nyumba ya Mama Yangu

Wakikutana watu waliosoma shule yetu miaka ile, haupiti muda kabla mmoja wao hajamtaja Madamu wa hesabu. Watamsifu, wataigiza mwendo wake, watacheka mpaka chai ipoe. Mimi hukaa kimya wamalize. Si kwamba wanadanganya. Yote wanayoyasema ni kweli, na hilo ndilo linaloniudhi.

Nilifundisha naye karibu muda wote wa miaka ya tisini katika shule ya upili pale Garissa, yeye hesabu, mimi Kiswahili na historia, na muda wote huo nilimwonea wivu. Sitalipamba neno. Wako wanaosema walikuwa na ushindani wa kikazi na wenzao. Mimi nilikuwa na wivu mtupu, na hata sasa ninapoandika haya nausikia ukijigeuza kama mtu anayetafuta upande wa kulalia.

Alitoka upande wa Voi. Walimu wengi wa bara waliopangiwa kazi kwetu siku hizo walifika wakiwa wameshaanza kuomba uhamisho. Yeye alishuka kwenye basi, akatazama huku na huku, akauliza kile kivuli kirefu ni cha nini. Kilikuwa cha tangi la maji la shule. Kesho yake aliwatoa wanafunzi darasani wakakipime, wakarudi wakiujua urefu wa tangi bila mtu yeyote kulipanda. Walirudi mbio, wanashindana kumwambia kila waliyekutana naye. Historia yangu haijawahi kumtoa mwanafunzi mbio namna hiyo.

Alivaa gauni refu na raba za wanaume. Mfukoni alikuwa na kamba yenye mafundo, na kwa kamba hiyo alipima chochote kilichosimama: mlango, dawati, hata punda wa mchota maji. Akitembea, midomo ilimchezacheza kwa kuhesabu. Lakini saa hakuwa nayo, na hata angekuwa nayo isingemsaidia. Gwaride la asubuhi alilifikia limekwisha, mikono tayari ina chaki, na ukimwuliza leo ni siku gani alikutazama kama umemwuliza jambo la siri.

Chai alikunywa bila sukari, na kwetu huko ni kumtukana aliyeipika. Mwenye hoteli ya nje ya lango la shule alimtilia sukari kwa kificho muda mrefu. "Mwalimu ya bara nakonda," aliniambia. "Watu watasema mimi nanyima yeye sukari." Madamu alipogundua hakukasirika. Alitaka tu kujua ni vijiko vingapi, ili ajue ulimi wake unaweza kumdanganya kwa kiasi gani. Mwenye hoteli aliieleza habari hiyo kwa wateja wake wote, na kila mara alimalizia kwa kusema huyu ni mtu. Mimi nilikuwa mteja wake tangu nikiwa mwanafunzi na sijui kama aliwahi kunisema popote.

Alikuwa na neno lake. Mwanafunzi akikwama na hesabu, hakumwonyesha jibu. Alimwambia, "Zunguka nyuma yake." Mwanzoni hatukumwelewa. Swali lina nyuma? Yeye alishikilia kwamba kila kitu kina nyuma, na mtu aliyekitazama mbele tu hajakiona. Ndiyo maana hakupenda picha. Tulipopigwa picha ya walimu alisimama pembeni amekunja uso, akasema picha ni ukuta: inakuonyesha mtu na kukuzuia kumfikia. Lile neno lake la kuzunguka lilienea mpaka wapishi wa shule wakawa wanaambiana wakitafuta mwiko uliopotea. Mimi mwalimu wa lugha nilikuwa na maneno mengi mazuri. Hakuna lililofika jikoni.

Kompyuta ilitujia kwa bahati. Shirika moja la misaada lililohudumia kambi za wakimbizi lilikuwa likibadilisha vifaa vya ofisi, likatupa moja kuukuu. Mwalimu mkuu aliiweka ofisini kwake, akaifunika kwa kitambaa cha kufuma, na juu yake akaweka chombo cha maua ya plastiki. Wageni walionyeshwa. Hakuna aliyewahi kuiwasha. Madamu aliiomba katika kila kikao cha walimu, mwisho kabisa, kwenye mengineyo, bila kupandisha sauti, mpaka mwalimu mkuu akaanza kufunga vikao kabla ya kufika kwenye mengineyo. Mwishowe aliyechoka ni mwalimu mkuu. Mashine ikahamishiwa maabara ya fizikia pamoja na kitambaa chake, na Madamu akajifungia nayo na kitabu kinene, akijifundisha lugha ya kuiamrisha.

Wakati huo mimi nilikuwa na jambo langu. Nilikuwa nimepewa darasa bovu lisilo na vioo vya madirisha, nikaligeuza chumba cha mila. Nilikusanya mto wa mbao wa kulalia, kengele ya mbao ya ngamia, chombo cha maziwa kilichosukwa kwa mizizi, mikeka, vijiko, nikavitundika kwenye misumari, kila kimoja na kadi yake yenye maelezo kwa mwandiko wangu bora. Wanafunzi wetu wengi wa mjini walizaliwa kwenye nyumba za mawe na mabati, hawajui huo mto unawekwa wapi. Nilijiona naokoa kitu. Madamu alikuja kutazama, akazunguka nyuma ya kila kilichozungukika, asisome kadi hata moja, kisha akauliza, "Na nyumba iko wapi?"

"Nyumba gani?"

"Hivi vyote vilikaa ndani ya nyumba, Mwalimu. Hapa naona duka."

Nilimjibu kwamba akal, ile nyumba yetu ya kuhama yenye fito zilizopindwa na mikeka juu yake, haiingii darasani. Nikaongeza kwa kujigamba kwamba mama yangu anayo yake, imekunjwa nyumbani. Ulimi ukaniponza hivyo tu. Ningejua, ningesema mama yangu anaishi mbali huko Mandera.

Mama aliishi nami katika bulla, mtaa wa pembeni mwa mji, tangu ukame ulipommalizia mifugo. Mizigo aliyoingia nayo mjini ilikuwa hiyo nyumba. Kwetu mwanamume ana mifugo na mwanamke ana nyumba. Akal ni ya mwanamke tangu siku anapoolewa: mama yake na wanawake wa kwao humsukia mikeka na kumpindia fito, na siku ya kuhama ni yeye anayeifungua, anayeipakia juu ya ngamia na kuisimamisha tena mahali papya. Mama alipewa yake na nyanya yangu. Naye angempa binti yake, ila hakujaliwa binti. Alijaliwa mimi peke yangu.

Nilikaa ndani ya nyumba hiyo mpaka baba aliponichukua, ningali mdogo, kunipeleka shule ya bweni mjini. Tulipanda lori pale Modogashe. Likizo zilipofika nyumba ilikuwa imeshahamia mbali, nikalala kwa mjomba, na sikuwahi tena kulala ndani yake. Nilipokuwa mtu mzima nilimwuliza mama itakuwa yangu lini. Alicheka, akanijibu kwa Kiswahili chake, kama alivyopenda kufanya na mimi mwalimu. "Wewe mwanaume, hooyo. Wewe nataka nyumba ya nini? Bibi yako atakuja na yake." Hooyo maana yake ni mama, na kwetu mama humwita mtoto wake kwa neno hilo hilo analoitwa yeye, likawa linakwenda na kurudi kati ya wawili. Basi nikaridhika na neno, nyumba nikaiacha imeegemea ukuta. Nilijua haina mwenyewe baada ya mama, na kitu kisicho na mwenyewe, nilijipa moyo, hatimaye humwangukia aliye karibu.

Madamu alifika Jumamosi, kichwa amekifunga leso. Kisomali chake kilikuwa cha salamu tu na kilichechemea. Kiswahili cha mama kilikuwa cha sokoni. Nikajikalisha katikati yao kuwa mkalimani, na hawakunihitaji. Madamu alitoa kamba yake ya mafundo. Mama akaitazama, akaiweka kando, akanyoosha mkono wake kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole.

"Nyumba nabimwa na hii," alisema.

Madamu akaupima huo mkono, na tangu siku hiyo kila kilichoingia kwenye mashine yake, fito, mlango, kitanda, kilipimwa kwa mkono wa mama yangu. Alijua mkono wa mama yangu una urefu gani. Mimi sikujua, wala sikuwahi kufikiri ni jambo la kujua.

Aliuliza mambo ambayo mimi nisingethubutu. Mwanamume wa kwetu akiuliza fito inapindwaje au mkeka unaanzwa wapi, wanawake watamcheka mpaka ajute. Yeye aliuliza, wakamcheka, akauliza tena. Ikafika mahali wakaifungua nyumba yote uani ili azunguke nyuma yake, na wanawake wa bulla wakaja kusaidia kuisimamisha, wengine wakatoa sindano zao na kuanza kuziba mikeka iliyoliwa na mchwa. Kwa kuwa walikuwa wamefunua vichwa na wamekunja mikono, mimi nilitakiwa nikohoe langoni na kungoja. Nilikohoa langoni kwangu mwenyewe, nikangoja ruhusa juani, na ndani nikasikia vicheko, na kicheko cha Madamu kilikuwa kikubwa kuliko vyote.

Siku moja nikiwa hapo nje nilimsikia mama anaita, "Hooyo, kuja. Shika hapa." Nikasukuma lango nikaingia. Hakuwa akiniita mimi. Madamu alikuwa ameshika ncha ya ufito, na mama ameshika ncha nyingine, wakiupinda pamoja. Wanawake wakapiga kelele wakajifunika, nikarudi nyuma nikajikwaa. Sijasahau lile neno lilivyonipita likaenda kwa mwingine.

Kazi yake ya maabara ilichukua muda mrefu, umeme ukikatika na yeye akianza upya. Ilipokamilika, kulikuwa na nyumba ndani ya kompyuta. Ilichorwa kwa mistari mitupu, myekundu na ya buluu, na ilitazamwa kwa miwani aliyoitengeneza mwenyewe kwa boksi na karatasi za plastiki za peremende ambazo wafanyabiashara walizileta kutoka Liboi, jicho moja jekundu, jingine buluu. Bila miwani uliona nyuzi zilizotatizana. Ukiivaa, wanafunzi walisema, nyuzi zilitengana, nyingine zikakujia mpaka puani, nyingine zikarudi nyuma, na hapo katikati ukajikuta umesimama ndani ya nyumba. Nasema wanafunzi walisema kwa sababu mimi niliikataa miwani. Nilisimama nyuma ya vichwa vyao nimekunja mikono.

Ukibonyeza mshale wa mbele, mashine iliwaza kwanza, kisha ikachora upya mstari kwa mstari, ukawa umesogea. Ungeweza kunywa chai kati ya mlango na kitanda. Wanafunzi walivumilia. Wa mjini waliingia wakatoka wakiulizana kwa mnong'ono, kama watu waliotoka kwa wagonjwa. Wa Modogashe na wa porini huko, waliotoka kwenye akal wiki iliyopita, walisema nyumba yetu iko ndani ya tivii, wakapanga foleni nao. Na ukibonyeza herufi H, nyumba ilihama: mikeka ikashuka, fito zikajifungua, zikapanda moja moja juu ya ngamia zikawa upinde mgongoni mwake, kama inavyofanywa. Chumba changu cha mila kilibaki na kuku wa mlinzi, akataga nyuma ya kengele ya ngamia.

Ngamia mwenyewe alikuwa fedheha. Madamu aliogopa ngamia kupita kiasi. Mtu aliyezunguka nyuma ya kila kitu hakuwahi kuzunguka nyuma ya ngamia, akamchora kwa mbali, na akatokea kama meza iliyobeba kilima. Wanafunzi walimcheka wazi, naye akacheka nao, akamwacha vile vile. Angekuwa mwingine ningempenda kwa hilo.

Nilijaribu kumshinda kwa hoja. Nilimwambia mbele ya walimu kwamba utamaduni haukai kwenye kioo.

"Hata kwenye msumari haukai, Mwalimu," alisema, na walimu wakacheka, nami nikacheka pia kwa sababu sikuwa na la kufanya na uso wangu.

Kisha nikalipata kosa lake, na nikafurahi kama mtu aliyeokota pesa. Hata bila miwani niliona wazi kwamba ile nyumba ilikuwa kubwa mno. Mama akisimama ndani ya akal yake, kichwa chake karibu kinagusa fito. Ndani ya mashine paa lilikuwa juu kama la msikiti, na chombo cha maziwa kilichotundikwa penye fito kilikuwa mbali huko juu. Niliyasema mbele ya foleni nzima.

"Madamu, hii ni nyumba ya majitu. Chombo cha maziwa umekitundika mbinguni."

Alinigeukia. "Vipimo ni vya mama yako."

"Basi macho ndiyo mabovu. Umeyaweka chini. Mtu anatembea humo kama amepiga magoti."

"Macho yako pale yanapotakiwa," alisema, akawageukia wanafunzi. Hakunieleza zaidi. Nililirudia kosa hilo chumba cha walimu muhula mzima. Lilikuwa riziki yangu.

Kabla sijalipata kosa hilo, mama alikuwa amekuja shuleni kuitazama. Wanafunzi walitolewa, Madamu akamvalisha miwani ya boksi juu ya ushungi, nami nikasimama mlangoni. Mama alinyoosha mkono hewani mbele ya kioo, akapapasa mahali pasipo na kitu, akacheka kwa sauti ya chini. Madamu akamsogeza mbele, hatua kwa hatua. Walizungumza wameinamiana, sikusikia yote. Nilimwona mama akiinuka akisimama kando ya meza akionyesha kitu kwa mkono, na Madamu akiitikia kwa kichwa. Wakati wa kutoka mama alisema, "Nyumba nzuri. Lakini haina harufu ya moshi."

"Hiyo sijui kuiweka, Hooyo."

"Si kitu. Hiyo mimi nakumbuka mwenyewe."

Mvua za El Niño zilipokuja, mto Tana ulitoka ukingoni ukawazoa waliokuwa chini. Mama mmoja jirani alipanda kwetu na watoto wake bila hata turubai. Mama yangu alimtuma mtu amwite Madamu. Nilikuwepo, nimeketi na glasi ya chai mkononi, umbali wa kunyoosha mkono.

"Hooyo," mama alimwuliza, "umemaliza na nyumba yetu? Hakuna kitu nabaki?"

"Nimemaliza, Hooyo. Hakuna kilichobaki."

Wakaifungua. Kufika jioni akal ya nyanya yangu ilikuwa imesimama mahali pa juu na watoto wa watu wengine wanakohoa ndani yake. Sikuchukia watoto wale kupata paa, sijafika huko. Lakini mimi sikuulizwa. Neno la mtu wa Voi ndilo lililoifungua nyumba yetu, na nilimwambia mama hivyo, kwa sauti ambayo sikuizoea kumwambia.

Hakunijibu kwa hasira. "Nyumba yako iko kwa Madamu," alisema. "Nenda, fua miwani, ingia."

Alitaka kusema vaa. Alipochoka Kiswahili kilimponyoka hivyo. Mimi sikwenda. Mikeka ile ilioza kabla mvua hazijakwisha.

Mama alifariki mwaka uliofuata baada ya homa fupi, Allah amrehemu. Wanaume walikaa nami nje, tukasoma, tukapokea watu. Madamu alikaa ndani na wanawake. Nilisikia kwamba walimpa pole kama mtoto wa nyumba, wakamwekea mto, wakamlazimisha ale. Walimwachia mahali pa karibu na kitanda cha mama. Hata msiba aliupata ulio wa karibu kuliko wangu. Mimi wangu ulikuwa wa nje, wa mikono ya kusalimia.

Baada ya hapo hatukusemezana zaidi ya salamu, mpaka alipopata uhamisho wa kurudi kwao, ambao hakuwahi kuuomba. Mwalimu mkuu alinituma maabara nikakabidhiwe ufunguo. Zilikuwa siku za likizo, mchana, shule haina mtu, na upepo unapuliza mchanga kwenye baraza. Nilimkuta ameketi mbele ya ile mashine, kitambaa cha kufuma amekikunja magotini. Alikuwa amezeeka kidogo, au sikuwa nimemtazama vizuri muda mrefu. Raba zilikuwa zile zile.

"Nimekuja kuchukua ufunguo," nilisema.

"Utauchukua. Kaa kwanza, Mwalimu."

Alikuwa ameshaifungua nyumba. Niliiona kwenye kioo, ule mtatizo wa nyekundu na buluu, na paa liko juu vile vile.

"Mpaka leo hujayarekebisha hayo macho," nilimwambia.

Hakutabasamu. Alisimama kando ya meza, mahali pale pale mama aliposimama siku ile, akanyoosha mkono, kiganja chini, juu kidogo ya meza. "Mimi niliyaweka juu, urefu wa mtu mzima. Mama yako alipoingia akaniambia hapana. Aliweka mkono wake hivi. Akasema, 'Kijana yangu natoka nyumba yangu akiwa hapa. Weka macho hapa. Akirudi, arudi hifi.'"

Nilitazama ule mkono wake juu ya meza.

"Nilitaka kukwambia siku uliponicheka," alisema. "Yeye alikuwa amenikataza. Alisema mwache, akiingia atajua mwenyewe. Nami nikakungoja uingie."

Alinipa miwani. Boksi lilikuwa limelegea kwa jasho la wanafunzi wa miaka yote ile. Niliivaa, na zile nyuzi zikaachana, mlango ukaja mbele yangu, mrefu, nikabonyeza mshale. Mashine ikawaza. Nikaingia. Kulia kilikuwepo kitanda cha mama, ukingo wake usawa wa kidevu changu, na nilijua bila kuambiwa kwamba ndivyo ulivyokuwa. Nikabonyeza tena, na tena, mpaka nikafika chini ya chombo cha maziwa. Kilikuwa juu sana. Hapo ndipo nilipokuwa nikisimama kila asubuhi, nimeinua uso, sisemi kitu, mpaka mama aache alichokuwa akifanya aje anishushie. Nilisimama hapo. Nilisimama muda mrefu, na hakuna aliyekuja.

Nilipovua miwani wivu ulikuwa pale pale, tena umezidi. Maneno yale yalisemwa kwa ajili yangu, na yeye ndiye aliyeyasikia kutoka kinywani mwa mama. Ataondoka nayo mpaka Voi, na sauti ya mama, na urefu wa mkono wa mama, nami nimeachiwa ufunguo.

"Mama alionyesha wapi?" nilimwuliza.

"Nimekuonyesha."

"Nionyeshe tena."

Madamu akanyoosha mkono, kiganja chini, juu kidogo ya meza. Nikamwomba asiuondoe kwanza.